Riesling ya Mosel au Silvaner ya Franken: namna ya kuchagua mvinyo mweupe wa familia za Ujerumani

Chupa mbili zimesimama mezani. Ya kwanza ni ndefu na nyembamba, ya rangi ya kijani, mabega yake yakiteremka taratibu kutoka shingoni. Ya pili ni fupi na bapa, yenye tumbo pana kama kibuyu kilichobanwa pande mbili, nayo ukiilaza haibingiriki. Ya kwanza imetoka Wehlen, kijiji kilicho ukingoni mwa mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, katika nyumba ya familia ya Prüm, na ndani yake mna mvinyo wa zabibu iitwayo Riesling. Ya pili imetoka Iphofen, mji mdogo wa eneo la Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, katika nyumba ya familia ya Wirsching, na ndani yake mna mvinyo wa zabibu iitwayo Silvaner. Zote mbili ni mvinyo mweupe, na zote ni kazi ya familia zinazolima, kuvuna, kukamua na kujaza chupa zenyewe, lakini mtu akifungua moja huku akitarajia ladha ya nyingine atasikitika bure.

Watu wa kwetu wanaoishi huku, na wengine wanaopita kwa safari fupi wakitaka kurudi na chupa mbili tatu, huniuliza swali lile lile: nichukue ipi? Huwajibu waanze na chakula kitakachoandaliwa, kisha wasome maneno madogo kwenye lebo, na jina la zabibu walitazame mwisho. Nimezichukua nyumba hizi mbili kwa sababu kila moja inaonyesha tabia ya eneo lake waziwazi.

Nyumba ya Joh. Jos. Prüm, kwa jina hilo, ilianza mwaka 1911, mirathi ya ukoo ilipogawanywa na Johann Josef Prüm akapata fungu lake la mashamba. Ukoo wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 1842 Jodocus Prüm alijenga saa ya jua kwenye mwamba katikati ya mizabibu, ili wafanyakazi waliokuwa mtelemkoni wajue saa ya kula na saa ya kurudi nyumbani, na shamba hilo likachukua jina la saa hiyo: Wehlener Sonnenuhr. Manfred Prüm aliishika nyumba tangu mwaka 1969, na leo inaongozwa na binti yake Katharina. Sifa yake imejengwa juu ya Riesling yenye utamu wa kiasi, na haijayumba kufuata mitindo, hata katika miaka ambayo Wajerumani wengi walitaka mvinyo mkavu tu, yaani usio na utamu.

Shamba hilo liko ng'ambo ya mto, mkabala na kijiji. Nililipanda jioni moja ya Septemba, na kilichonikaa akilini zaidi ya mandhari ni mawe yake. Mtelemko wote umefunikwa na vipande vya sleti ya rangi ya buluu na kijivu, vingine vidogo kama kucha, vingine vikubwa kama kiganja, na kila hatua huvifanya vilie kama vigae vilivyovunjika. Jua lilikuwa limeshazama na baridi imeanza kupanda kutoka mtoni, lakini jiwe nililoliokota lilikuwa bado na joto, kama kikombe cha chai kilichoachwa robo saa. Joto hilo la mawe, pamoja na mwanga unaorudishwa na maji ya mto, ndilo linaloivisha zabibu katika nchi ambayo vinginevyo ingekuwa na baridi mno kwa kilimo hiki. Kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake mmoja, matawi mawili yamepindwa yakakutana chini kama umbo la moyo, ili mfanyakazi aweze kuuzunguka na kusogea pembeni bila kulazimika kupanda na kushuka kila mara. Trekta halifiki. Kule Bremm, mbali kidogo kwa kufuata mto, mtelemko wa Calmont una mahali penye mwinamo wa takriban digrii 65, na huko watu hupandishwa kwa kigari kidogo kinachotambaa juu ya reli moja. Anayeshangaa kwa nini chupa ya Mosel ina bei aanzie hapo.

Kwa kuwa zabibu huiva polepole, asidi yake haipotei. Riesling ya Mosel huwa na gramu 7 hadi 9 za asidi kwa lita, na hiyo ndiyo inayoupa mvinyo ule ukali safi unaofanana na wa limau, unaojaza mate mdomoni. Mtengenezaji anapotaka Kabinett ya jadi, daraja la mvinyo mwepesi wa zabibu zilizoiva kwa kiasi, huzuia chachu isiendelee kula sukari yote, na kinachobaki aghalabu ni gramu 40 au zaidi kwa lita. Mtu akiisikia namba hiyo peke yake hukunja uso, kwa kuwa huona ni kama soda. Soda ya kawaida ina zaidi ya gramu 100 kwa lita, na haina asidi ya zabibu ya kuibeba. Katika Kabinett nzuri, utamu na uchachu huvutana kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaoshika kamba moja, na mnywaji hahisi sukari wala ukali, bali ule mvuto wenyewe. Pombe yake ni kidogo, kati ya asilimia 8 na 9 hivi, kwa hiyo mtu anaweza kunywa glasi ya pili mchana na bado akaendelea na shughuli zake.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa nyumba hii anapaswa kulijua mapema, kwa sababu limewafanya wengi wadhani chupa imeharibika. Riesling changa ya Prüm, inapofunguliwa, hutoa harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Hutokana na uchachukaji wa taratibu kwa chachu za asili na pia jinsi mvinyo unavyokingwa dhidi ya hewa. Imimine kwenye jagi pana, iache nusu saa au zaidi, nayo harufu hiyo itapisha ile ya pichi, ya tufaha la kijani na ya jiwe lililonyeshewa mvua. Kwa maoni yangu, asiye na subira ya kungoja asinunue Prüm ya mwaka jana. Atafute ya miaka mitano au kumi iliyopita, au aende kwa nyumba nyingine ya Mosel ambayo mvinyo wake hufunguka mapema.

Iphofen ni nchi nyingine kabisa. Mji uko chini ya mlima Schwanberg, bado umezungukwa na ukuta wake wa zamani, na udongo wa vilima vyake una jasi tele, ile ambayo mafundi wa kwetu huiita jipsamu wanapotengeneza dari. Kampuni ya Knauf, inayojulikana duniani kwa bidhaa za jasi, ina makao yake makuu katika mji huo huo. Familia ya Wirsching imeshughulika na mizabibu hapo tangu mwaka 1630, vizazi 14 sasa, na leo nyumba iko mikononi mwa Andrea Wirsching. Mashamba yao yanayosifika zaidi ni Julius-Echter-Berg na Kronsberg. Si nyumba ndogo. Ni miongoni mwa mashamba makubwa ya watu binafsi katika Franken, na bado mtu hupokelewa mlangoni kama mgeni wa jamaa.

Silvaner ilipandwa Ujerumani kwa mara ya kwanza, kwa kadiri nyaraka zinavyoonyesha, mwezi Aprili mwaka 1659 huko Castell, mwendo mfupi tu kutoka Iphofen. Miche ililetwa kutoka Austria, na kwa sababu hiyo watu wa zamani waliiita zabibu ya Kiaustria. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 ilipandwa kila mahali na kudharauliwa kila mahali, kwa kuwa ikiachwa izae sana hutoa mvinyo wa maji maji usio na la kusema. Franken ndiko iliko heshima yake, kwa sababu huko mazao hupunguzwa na udongo huipa kitu ambacho zabibu yenyewe haina.

Ladha yake haikurupuki. Riesling huja mbio kukulaki mlangoni. Silvaner hukungoja sebuleni. Utasikia peasi, majani yaliyokatwa asubuhi na kuanikwa, pengine mlonge au figili kwa mbali, na mwishoni chumvi kidogo ambayo wenyeji huihusisha na ile jasi. Asidi yake ni ya chini kuliko ya Riesling, na kwa desturi ya Franken neno trocken, yaani kavu, humaanisha chini ya gramu 4 za sukari kwa lita, ilhali sheria ya nchi huruhusu mpaka gramu 9 kama asidi inatosha. Pombe huwa asilimia 12 au zaidi kidogo. Ni mvinyo wa kunywewa pamoja na chakula. Wajerumani wenyewe huuweka mezani wakati wa asparaga nyeupe, msimu unaoisha tarehe 24 Juni, kwa sababu mboga hiyo ina uchungu mwembamba unaoziumbua zabibu nyingi, lakini Silvaner hukaa nao kwa amani.

Sasa tuje kwenye chakula, kwa maana hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Pombe huchochea ukali wa pilipili, na sukari huutuliza. Yeyote aliyewahi kunywa kitu kikali juu ya kachumbari yenye pilipili mbichi anajua ninachosema. Kwa hiyo kama mezani patakuwa na samaki wa kupaka, kamba wa nazi, mchuzi wenye tangawizi na pilipili, au biriani iliyokolezwa, Kabinett ya Mosel haina mpinzani kati ya hizi mbili. Tui la nazi ni zito na lina utamu wake. Linahitaji kinywaji chenye uchachu wa kulikata na utamu wa kulifuata, na Riesling inayo yote mawili. Nimewapikia wageni Wajerumani samaki wa kupaka mara kadhaa na kuwapa kwanza mvinyo mkavu, kisha Kabinett, na kila mara walipofika kwenye glasi ya pili walirudi tena kwenye sahani.

Lakini kama chakula ni samaki mzima wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, kuku wa kuchemsha, mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, viazi, au pilau isiyo na pilipili, ile Riesling yenye sukari itaonekana kama mtu aliyevaa nguo za harusi msibani. Hapo Silvaner ndiyo inayofaa. Haishindani na mdalasini na iliki za pilau, na ladha yake ya majani hukutana vizuri na mboga za kijani, jambo ambalo mivinyo mingi myeupe hulishindwa. Mishkaki iliyolowekwa kwa papai na viungo iko katikati. Ikiwa mikali nenda Mosel, ikiwa ya wastani nenda Franken.

Yupo pia anayetaka mvinyo mweupe mzito, usio na uchachu mwingi, wa kula na nyama. Huyo aziache zote mbili na kutafuta mvinyo wa zabibu ya Grauburgunder kutoka Kaiserstuhl, kilima cha volkano ya kale huko Baden karibu na mpaka wa Ufaransa. Nyumba ya Dr. Heger mjini Ihringen, iliyoanzishwa mwaka 1935 na daktari Max Heger, ni mahali pazuri pa kuanzia. Pombe hufika asilimia 13 na zaidi. Akiona neno Ruländer, ajue ni zabibu ile ile, ila jina hilo la zamani kwa kawaida humaanisha mtindo mtamu na mzito.

Nirudi kwenye lebo, kwa kuwa hapo ndipo watu wa kwetu wanapopotea zaidi, na mimi nilipotea vilevile. Miaka ya mwanzo nilinunua chupa sita za Spätlese kwa ajili ya sherehe ya uchumba wa rafiki yangu, kwa kuwa niliambiwa Spätlese ni tamu, na familia ya bibi arusi ilipenda kitu kitamu. Zilikuwa kavu kabisa. Wazee walionja, wakaziweka glasi chini kwa adabu, wakaomba maji, na rafiki yangu aliinama. Juu ya lebo, chini ya neno Spätlese, palikuwa pameandikwa trocken kwa herufi ndogo.

Maneno Kabinett, Spätlese na Auslese, kwa mujibu wa sheria ya mvinyo ya mwaka 1971, hupima jinsi zabibu zilivyoiva siku ya kuvunwa, wala hayapimi utamu uliobaki kwenye chupa. Kipimo chake ni digrii za Oechsle: maji ya zabibu yenye digrii 80 ni mazito kuliko maji ya kawaida kwa gramu 80 katika kila lita, na sehemu kubwa ya uzito huo ni sukari. Sukari hiyo inaweza kuachwa ichachuke yote ikawa pombe, au isimamishwe njiani. Maneno yanayoeleza kilichobaki ni mengine: trocken ni kavu, halbtrocken ina mpaka gramu 18 hivi, lieblich ni tamu mpaka gramu 45, na feinherb ni neno lisilo na kipimo cha kisheria ambalo watengenezaji hulitumia kwa mvinyo wenye utamu mdogo.

Mara nyingi chupa ya Mosel haina hata neno moja kati ya hayo. Hapo tazama asilimia ya pombe. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita huzaa asilimia moja ya pombe. Basi kama zabibu zilikuwa na sukari ya kutosha kuzaa asilimia 11 na chupa imeandikwa 8.5, sukari ya asilimia 2.5 imebaki ndani, yaani kama gramu 42 kwa lita. Huhitaji kupiga hesabu dukani. Riesling iliyoandikwa 8 au 9 ni tamu, iliyoandikwa 12 au zaidi ni kavu, na iliyo katikati ni ya kuulizia. Laiti ningelijua hilo kabla ya ile sherehe.

Kwa anayetaka hasa mvinyo wa familia, neno la kutafuta ni Gutsabfüllung. Linamaanisha kwamba zabibu ni za shamba la nyumba hiyo yenyewe, na mvinyo umetengenezwa na kujazwa hapo hapo chini ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Erzeugerabfüllung ni pana zaidi, kwa kuwa hujumuisha pia vyama vya ushirika vya wakulima. Abfüller peke yake ni anayejaza chupa tu, na zabibu zinaweza kuwa zimenunuliwa kwa wengi. Tai mweusi mwenye kishada cha zabibu kifuani, anayeonekana kwenye kifuniko cha chupa za Prüm, Wirsching na Heger, ni alama ya VDP, umoja wa mashamba yaliyochaguliwa ulioanza mwaka 1910. Alama hiyo ni dalili nzuri, ingawa zipo familia nyingi hodari zisizokuwa nayo. Ushirika nao nisiuonee: Silvaner ya ushirika wa Franken, kwa bei nafuu, huwa ya kweli na safi, na kwa karamu ya watu 40 ningeichagua bila kusita.

Kuhusu bei, Kabinett ya Wehlener Sonnenuhr kutoka kwa Prüm hugharimu zaidi ya mara mbili ya Silvaner ya kawaida ya Wirsching. Unalipia mikono iliyofanya kazi mtelemkoni, na unalipia jina pia. Kinachoipatanisha bei hiyo na mfuko ni umri: sukari na asidi huilinda Riesling, na chupa nzuri ya Mosel huweza kukaa miaka 20 gizani ikazidi kupendeza, ikipata harufu ya asali na ile ya mafuta ya taa ambayo wapenzi wake huitafuta. Silvaner ya kawaida inywewe ndani ya miaka mitatu minne. Anayenunua chupa ya mwaka aliozaliwa mtoto, ili ifunguliwe siku ya utu uzima wake, asifikirie mara mbili. Achukue Riesling, tena ya Auslese.

Katika meza zetu daima watakuwapo wasiotumia pombe, na wasipewe maji ya bomba huku wenzao wakionja. Nyumba nyingi za familia huuza Traubensaft, maji ya zabibu zao wenyewe yasiyochachuka kabisa. Mvinyo ulioondolewa pombe ni kitu kingine, kwa kuwa huweza kubaki na pombe mpaka asilimia 0.5, na anayejizuia kwa sababu ya dini anastahili kuambiwa hivyo kabla hajamiminiwa.

Mimi, kwa safari ya nyumbani, huchukua Kabinett mbili na Silvaner moja, kwa sababu ninajua jikoni kwa dada yangu nazi haikosekani. Chupa ndefu huzifunga moja moja kwa kanga na kuziweka katikati ya sanduku, mbali na kingo. Ile bapa hulala yenyewe chini, kati ya mashati, na haisogei. Zikifika huziweka mahali penye baridi zipumzike siku mbili kabla ya kuzifungua, kisha Kabinett huingia kwenye friji saa tatu kabla ya chakula, na Silvaner huitoa robo saa kabla ya kumimina, maana ikiwa baridi mno ile chumvi yake haisikiki.